Msaada wa Tiba na Wanyonge wa Vijijini

Hotuba kwa wazee, viongozi wa vijiji, walimu na wananchi wa Kidatu



Najua kila mmoja wenu ameacha kazi yake ili kuja kusikiliza: huyu ameacha miwa, yule mpunga, na mwingine duka lake. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno mengi. Neno nililo nalo ni moja, nalo ni hili: katika bonde letu la Kilombero msaada wa tiba ulifika zamani, tena ulifika mwingi kuliko sehemu nyingi za nchi, walakini mara kwa mara msaada huo hukoma njiani, hatua chache kabla ya mlango wa mtu aliye mnyonge kuliko wote. Hatua hizo zilizobaki si za daktari, wala si za Serikali, wala si za wafadhili wa ng'ambo. Ni zetu sisi wenyewe. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ninaposema mnyonge sina maana ya mtu yeyote asiye na fedha, kwani hapa kwetu wengi hatuna fedha. Mnyonge ninayemtaja ni yule ambaye hana mtu wa kumsemea. Ni mama mjane mwenye watoto wadogo. Ni mzee ambaye wanawe wamekwenda mjini, hawaandiki wala hawarudi. Ni mgonjwa wa kifafa anayefichwa nyumba ya nyuma. Ni kibarua aliyekuja Kidatu kutoka mkoa wa mbali kukata miwa, naye hana ndugu hapa wa kumpikia uji siku atakaposhikwa na homa. Watu hawa mwawajua. Daktari wa Ifakara hawajui, wala hawezi kuwajua, maana yeye huona wale tu wanaofika mlangoni kwake.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi msaada wenyewe ulivyofika. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mapadre Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi walikuja katika nchi hii ya Mahenge na Ifakara. Pamoja na kufundisha dini waliwatibu wagonjwa, na kutokana na kazi ile ilikua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ambayo watu wa bonde zima wameikimbilia kwa miaka mingi. Katika 1949 alifika Ifakara bwana mmoja mwenye elimu, Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, akitafuta kujua magonjwa ya nchi za joto na wadudu wanaoyaeneza. Katika 1957 akajenga maabara hapo Ifakara, na katika 1961, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, kikaanzishwa pale kituo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uganga wa vijijini. Maabara ile ilikua, ikapita mikononi mwa Watanzania wenyewe, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Leo jina lake lajulikana duniani kote kwa kazi yake juu ya malaria.

Basi, tangu hapa Kidatu mpaka Ifakara ni mwendo wa kilometa zipatazo 67. Mtu aweza kudhani kwamba watu wanaokaa karibu hivi na elimu kubwa namna ile hawana shida ya tiba. Lakini tazameni umeme. Mitambo ya Kidatu iliyo katika mto Ruaha Mkuu ina nguvu za megawati 204, na tangu 1975 umeme wake umewasha taa za miji ya mbali. Je, katika miaka ile yote, kila nyumba iliyo chini ya nyaya zile ilikuwa na taa? Mwajua jibu wenyewe. Kukaa karibu na kitu si kukipata. Yahitaji waya mwembamba wa mwisho, utokao kwenye nguzo mpaka ndani ya nyumba. Waya huo ndio ninaotaka tuuzungumze leo.

Nitawapa mfano wa kwanza, nao ni habari ya vyandarua. Ninyi nyote mwajua kwamba malaria huletwa na mbu aumaye usiku, na kwamba bonde letu lenye mito, madimbwi na mashamba ya mpunga ni makao yake. Katika miaka ya 1996 hadi 2000 ulikuwapo mradi ulioitwa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mradi huo uliuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. Haukuwauzia watu wa mjini tu. Wenye maduka, viongozi wa vijiji na watu wengine walioaminiwa walifanywa wauzaji, ili chandarua kipatikane kijijini kwenyewe. Wakati ulipoanza, katika 1997, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa hawakufika 10 katika kila 100. Baada ya miaka 3 walipita 50. Na wataalamu walipohesabu, waliona kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, kutumia chandarua chenye dawa kuliongeza kuokoka kwao kwa asilimia 27. Jambo hili lilitangazwa katika 2001, likasomwa na waganga wa dunia nzima. Watoto waliohesabiwa ni wa vijiji vyetu hivi hivi. Wale waliookoka leo ni watu wazima, na huenda baadhi yao wamekaa hapa wananisikiliza.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo haisimuliwi sana. Wenye mradi walijua kwamba chandarua kina bei, na kwamba si kila mama aweza kuitoa. Kwa hiyo walitengeneza hati ya kumpunguzia bei mama mjamzito na mama mwenye mtoto mdogo, wakaiita Hati Punguzo. Mama aliipata kliniki, akaipeleka dukani, akauziwa kwa bei iliyopungua. Hati zilitumika, na kwenye vitabu vya hesabu kazi ilionekana njema. Lakini wachunguzi walipokwenda vijijini kuwauliza wanawake wenyewe, waliona kwamba wengi hawakuwa na habari za hati hiyo, na walioitumia walikuwa wachache. Tena waliobaki nyuma zaidi ni maskini kabisa, kwa kuwa hata baada ya kupunguziwa, fedha iliyobaki kulipwa iliwashinda.

Sisemi haya ili kuutia mradi aibu. La, hasha! Kazi ile ilikuwa njema, na mpango wa hati ulienea nchi nzima kuanzia 2004. Baadaye Serikali pamoja na wafadhili waliona vema kugawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto wadogo na kisha kwa kaya zote. Nasema ili mwone mahali waya ulipokatika. Hati ilikuwapo kliniki, chandarua kilikuwapo dukani, na mama alikuwapo nyumbani, aliyekosekana ni mtu wa kumwambia mama, “Dada, kuna hati hii, nayo ni haki yako, na kwa fedha iliyopungua, sisi jirani zako tutakuongezea.” Mtu huyo hangeweza kutoka Uswisi wala Dar es Salaam. Alikuwa jirani.

Mfano wa pili wathibitisha ule wa kwanza. Katika 2003 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika wilaya nne za kusini: Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu wa mbali wakitutazama hutuona sote kuwa maskini sawasawa. Uchunguzi ulionyesha sivyo. Hata kati ya watu wote walio maskini, wale wenye nafuu kidogo, mathalan wenye baiskeli, redio au bati juu ya nyumba, walizijua zaidi dalili za hatari kwa mtoto mgonjwa, waliwapeleka watoto wao zahanati mara nyingi zaidi, na watoto wao walipata dawa zaidi kuliko watoto wa walio chini kabisa. Maana yake ni nini? Ni kwamba dawa ikiletwa kijijini na kuachwa hivi hivi, huchukuliwa kwanza na yule mwenye miguu mirefu. Mnyonge hufika mwisho, na pengine hukuta chupa tupu.

Sasa tuvuke mto Kilombero tupande milima ya Mahenge, kwa ndugu zetu Wapogoro, maana huko kuna mfano wa tatu, nao ni wa huzuni na wa kutia moyo pamoja. Katika 1959 alifika nchini daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Norway, jina lake Louise Jilek-Aall. Aliona kwamba huko Mahenge watu wenye kifafa ni wengi kupita kiasi. Wengi wao walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walianguka jikoni, na watu waliokuwa karibu waliogopa kuwashika. Ilidhaniwa kwamba povu na mate ya mgonjwa huambukiza. Basi mtu aliungua mbele ya macho ya jamaa zake, si kwa kuwa hawakumpenda, ila kwa kuwa waliogopa. Katika 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya wagonjwa hao. Dawa aliyowapa haikuwa ya ajabu wala ya bei kubwa. Ilikuwa fenobarbitali, vidonge vya kumezwa kila siku bila kukosa. Wengi walipungukiwa na maradhi, wakaweza kulima, wakarudi kula pamoja na watu. Naye alipoondoka, kazi haikufa, maana wauguzi waliobaki waliendelea kutoa dawa.

Lakini angalieni: vidonge vya kila siku haviwezi kumezwa kwa mapenzi ya daktari peke yake. Lazima awepo mtu nyumbani wa kukumbusha, wa kutembea kwenda kuchukua dawa zinapokwisha, na wa kumvuta mgonjwa atoke motoni bila kuogopa povu. Walimu, neno hili lawahusu hasa. Wafundisheni watoto shuleni kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Mtu akianguka, aondolewe karibu na moto na maji, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na watu wangoje naye mpaka apate fahamu. Mtoto aliyefundishwa hivyo aweza kuokoa uhai kwa mikono mitupu.

Kuna habari njema nyingine itokayo milima hiyo hiyo ya Mahenge. Kuna ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Huwasha ngozi, hupofusha macho, na wataalamu wa siku hizi wameona kwamba una uhusiano na kifafa kile kilichozidi huko. Dawa yake huitwa ivermektini. Katika 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kuitoa bure kwa kadiri itakavyohitajiwa. Huo ni ukarimu mkubwa. Lakini ni nani anayeifikisha dawa hiyo kwenye kinywa cha bibi kizee anayekaa mlimani? Ni wagawa dawa wa kijiji, watu wa kawaida waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Hupita nyumba kwa nyumba na daftari, hupima urefu wa mtu ili kujua idadi ya vidonge, humpa na kumwandika. Haya ndiyo ninayoita waya wa mwisho. Mahali walipo watu wa namna hii, dawa iliyotoka ng'ambo ya bahari hufika mlangoni. Mahali wasipokuwapo, hulala stoo.

Na sasa turudi kwetu. Nawaomba mfikiri juu ya majira ya kilimo. Mpunga ukikaribia kuiva, jamaa nyingi za bonde hili huhama kijijini, hukaa miezi katika vibanda vya mashambani ili kuwafukuza ndege, nguruwe na nyani. Huko ni mbali na zahanati, na njia ni ya matope. Mtoto akishikwa na homa kali usiku akatetemeka na kukaza mwili, wazee wengi husema ni degedege, na wengine husema si ugonjwa wa hospitali. Ndugu zangu, degedege la mtoto mwenye homa laweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Siwadharau wazee waliotutunza kwa miti na mizizi; lakini saa za mtoto huyu ni chache, na kila saa inayopotea humkaribisha na mauti. Apelekwe zahanati upesi, usiku huo huo. Ikiwa mama yuko peke yake shambani, atampelekaje? Hapo ndipo jirani wa kibanda cha pili anapohitajika.

Zamani tulikuwa na udhuru wa mto. Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, na wengi tunakumbuka Januari 2016 kivuko kilipopinduka na kuleta msiba. Siku hizi daraja limejengwa hapo, na watu huvuka mchana na usiku. Udhuru ule umekwisha. Uliobaki ni umbali ulio katikati ya nyumba na nyumba.

Neno jingine ni la malipo. Wako watu wanaokufa nyumbani kwa kuogopa hospitali, si kwa sindano yake, bali kwa karatasi ya malipo. Wajue basi kwamba sera ya Serikali imeagiza wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya Serikali. Mtu mwingine aliye fukara naye aweza kupata msamaha, lakini lazima kwanza atambuliwe kuwa ni fukara, na anayemtambulisha ni uongozi wa kijiji chake. Katika 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, nayo pia haikuwasahau wasio na uwezo. Lakini sheria haina macho ya kuona ndani ya kibanda. Mtendaji akichelewa kuandika barua, au akimwandikia jamaa yake mwenye ng'ombe akamwacha mjane, sheria nzima ya nchi imevunjika katika meza yake ndogo. Nasema maneno haya kwa heshima, lakini nayasema wazi. Barua ile si hisani ya mtendaji. Ni dawa, sawa na kidonge.

Basi tufanye nini? Nawashauri mambo manne, nayo hayahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la wanyonge wake. Mwalimu mmoja na wazee wawili watosha kulitunza. Waandikwe wazee walio peke yao, wajane wenye watoto wadogo, wajawazito, wagonjwa wa kifafa na wa maradhi ya kudumu, na vibarua wageni wasio na ndugu. Daftari lisiwe la kutangaza siri za watu, bali la kuwakumbusha watunzaji nani wa kutazamwa.

Pili, kila habari ya msaada ikifika, iwe ya vyandarua, ya chanjo, ya dawa za usubi au ya msamaha wa malipo, isomwe kwa sauti mahali watu wanapokutana: kisimani, msikitini, kanisani, gulioni, na penye ngoma. Tangazo lililobandikwa ukutani ni la wajuao kusoma tu, na wanyonge wetu wengi hawajui.

Tatu, kijiji kiweke tayari chombo cha kumchukulia mgonjwa, kwa kadiri ya uwezo wake: machela, baiskeli yenye kitanda, au mapatano na mwenye pikipiki kwamba atakwenda usiku na kulipwa baadaye kutoka mfuko wa kijiji. Kila nyumba itoe kidogo wakati wa mavuno, hata kama ni debe moja la mpunga kwa nyumba kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, wakati wa kuhamia mashambani, vibanda vipangwe jirani jirani, na kila mtu achukue chandarua chake. Mama mwenye mtoto mchanga asiachwe kwenye kibanda cha pembeni kabisa. Na wote wajue kabla ya kuhama ni zahanati ipi iliyo karibu, iwe ni ya Mang'ula, Mkula, Mngeta au kwingineko.

Huenda mtu akauliza, “Mbona watutwika mzigo huu sisi, nasi ni maskini? Je, si kazi ya Serikali na ya hospitali za misaada?” Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Serikali inayo kazi yake, na tusiache kuidai kazi hiyo: zahanati ziwe na dawa, na wauguzi wawe wa kutosha. Hospitali za misaada nazo zimefanya na zingali zinafanya yao. Lakini wafadhili huja na kuondoka. Miradi ina mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha, kama nilivyowahesabia. Kitu ambacho hakina mwaka wa kwisha ni ujirani. Tena msaada wa jirani ndio unaoufanya msaada wa mbali uwe na maana. Chandarua kimoja kilichofika kwa mtoto wa mjane ni bora kuliko mia vilivyohesabiwa katika vitabu.

Nawasihi basi, mkiondoka hapa, kila mmoja ataje moyoni mwake jina la mtu mmoja wa kitongoji chake ambaye hakuwapo leo kwa sababu hana nguvu za kuja. Kesho mpitieni. Muulizeni kama ana chandarua, kama dawa zake zimekwisha, kama ana barua yake. Mkiona amepungukiwa, msingoje mkutano mwingine.